Kutoka Stesheni hadi Kimara: jinsi Dar es Salaam ilivyohangaikia usafiri wake

Mwisho wa reli, 1905–1947

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mapema mwaka 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Kwa watu wa kwetu Buha, wa Kasulu na Kibondo, njia hiyo ya takriban kilomita 1,250 iliisogeza pwani karibu. Safari ambayo babu zao waliifanya kwa miguu, miezi kwa miezi, sasa ilikuwa ya siku chache.

Lakini Waingereza walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakuitumia reli hiyo kuiinua Buha. Nyanda za juu za Kigoma waliziona kama chimbuko la nguvu kazi. Kodi ilitozwa kwa fedha taslimu, na mazao ya kumpatia mkulima fedha hiyo yalikuwa haba, kwa hiyo vijana wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Katika miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengi. Mkataba ulipokwisha, wapo waliorudi kwao na wapo waliofuata reli hadi mwisho wake.

Mji walioshukia ulikuwa wa kutembea kwa mguu. Bandari, Stesheni, soko na nyumba za kupanga za Kariakoo na Ilala vilikuwa karibu karibu, na kuli aliamka alfajiri akafika gatini kabla jua halijapanda. Hata hivyo mpango wa mji ulikwisha kupanda mbegu ya shida iliyokuja baadaye. Wajerumani waliugawa kwa rangi za watu na Waingereza wakauendeleza mgawo huo: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Waafrika nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Kila mji ulipokua, maskini ndiye aliyesukumwa mbali zaidi, na kazi ikabaki palepale ufukweni.

Barabara nne, kituo kimoja, 1947–1974

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga makazi ya wafanyakazi Ilala, kisha Magomeni na Temeke. Magomeni hadi bandarini si mbali, ila kwa mtu anayeingia kazini saa moja asubuhi na kutoka jua linapozama, tena kila siku, ni mbali. Basi likawa hitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kama DMT, mali ya Waingereza, ikaanza kuendesha mabasi ya mjini. Nauli ilikuwa nzito kwa mshahara wa kibarua, na wengi waliendelea kutembea. Ratiba, hata hivyo, ilikuwepo, na gari lilikuja.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 vizuizi vya kuingia mjini vililegea. Viwanda vikasimama kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 Dar es Salaam. Ile ya 1978 ilikuta zaidi ya 843,000.

Watu hao walikaa kando ya barabara kuu nne zinazoingia mjini: ya Bagamoyo kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Pugu kusini-magharibi na ya Kilwa kusini. Zote nne zinakutana eneo lilelile dogo la Kariakoo na Posta. Anayekaa Mbagala mwenye shughuli Mwenge alilazimika kuingia kati, kushuka, kisha kupanda tena kutoka. Mtu akiniuliza foleni ya Dar ilitoka wapi, nitamwonyesha ramani hiyo kabla sijamtajia wingi wa magari.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, DMT ilitaifishwa. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likabeba mji.

UDA na miaka ya kusubiri, 1974–1983

Wapo wazee wanaoikumbuka UDA kwa mapenzi, na hawakosei. Mabasi yake makubwa ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati, yalibeba umati. Nauli ilipangwa na serikali ili mfanyakazi aimudu. Wazo lenyewe, kwamba usafiri wa mfanyakazi ni jukumu la umma, lilikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Kilichoiua UDA ni hesabu isiyofungika. Nauli ilishikiliwa chini kwa amri, ruzuku ya kuziba pengo haikutosha, na vipuri na mafuta vilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Kati ya 1978 na 1979 nchi ikapigana na Idi Amin, na akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta. Kwenye karakana za UDA basi zima lilivuliwa vifaa ili jingine litembee, na kila mwaka mabasi yaliyotoka getini yalipungua huku mji ukizidi kukua.

Hapo ndipo njia mbadala ya kwanza ilipozaliwa, na ilizaliwa kama kosa. Wenye pikapu na malori madogo walifunga mabenchi nyuma, abiria wakakaa wakitazamana, wakalipa nauli kubwa kuliko ya UDA. Watu wakayaita chai maharage. Sheria iliipa UDA peke yake haki ya kubeba abiria mjini, kwa hiyo dereva wa chai maharage alifanya kazi jicho moja likimtafuta abiria na jingine likimtafuta askari. Akikamatwa alipigwa faini, na kesho yake alirudi barabarani, kwa sababu abiria walikuwa bado wamesimama kituoni.

Ruhusa ya 1983

Edward Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu mwezi Februari 1983, na mwaka huohuo akaongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Ulikuwa mwaka wa hofu kwa mfanyabiashara yeyote. Ni ajabu basi kwamba ni mwaka huohuo serikali ilipokubali kuwa UDA haiwezi tena, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam kwa leseni, chini ya mwavuli wa UDA yenyewe na kwa kuilipa ada.

Ndivyo daladala, kama magari hayo yalivyokuja kuitwa, ilivyoingia kwenye sheria. Jambo la kukumbuka ni mpangilio wa matukio: watu walianza, serikali ikakataza, ikashindwa, kisha ikaandika kanuni juu ya kile kilichokuwa kimekwisha kuota. Mtindo huohuo utaonekana tena kwa pikipiki.

Miaka michache baadaye uchumi ulifunguliwa. Rais Mwinyi aliruhusu uagizaji wa bidhaa, na magari yaliyotumika Japani na Uarabuni yakaanza kushuka bandarini kwa wingi. UDA haikufutwa. Ilinyauka tu, hadi katika miaka ya 1990 mabasi yake yakawa machache kiasi kwamba kuliona moja likipita kulikuwa jambo la kusimulia.

Hesabu ya bosi, miaka ya 1990 na kuendelea

Hiace, ambazo watu waliziita vipanya, ziliujaza mji, zikifuatiwa na DCM na baadaye Coaster. Vijana wasio na ajira walipata kazi: suka kwenye usukani, konda mlangoni, mpiga debe kituoni, na deiwaka anayeshika usukani dereva akipumzika. Daladala zilifika Tandale, Kigogo, Gongo la Mboto, Mbagala Rangi Tatu, mahali ambapo UDA ilikuwa haikanyagi tena. Bila daladala Dar es Salaam ingesimama, na anayezitukana lazima kwanza akiri hilo.

Lakini tazama zilivyoendeshwa. Mwenye gari alimkabidhi dereva funguo alfajiri na jioni akadai hesabu, kiasi kilichopangwa kisichobadilika hata mvua ikinyesha, hata foleni ikikaza. Mafuta ni ya dereva, na faini na hongo pia mara nyingi ni zake. Kinachobaki baada ya hayo ndiyo riziki yake na ya konda. Hakuna mkataba, hakuna likizo, na gari likiwa gereji hakuna kula.

Ukiuelewa mpango huo, karibu kila kero ya abiria inajieleza. Gari linajazwa hadi mlangoni kwa sababu kila kichwa ni fedha inayotafutwa kabla ya usiku. Dereva anakatisha ruti kwa sababu kurudi na gari tupu ni hasara. Mwanafunzi anasukumwa nje kwa sababu analipa nusu au chini ya nusu lakini anachukua nafasi ya mtu mzima. Na abiria wakabuni mbinu zao: jioni pale Posta au Kariakoo wanalifuata gari likiwa bado linaingia, wanapanda kabla halijamaliza safari, wanageuza nalo na kulipa nauli mara mbili ili wapate kiti cha kurudia nyumbani.

Mamlaka zilishughulika na magari kuliko mpango wenyewe. Magari yakapigwa mistari ya rangi kuonyesha ruti. SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, ikasimamia nauli na leseni, hadi LATRA ilipochukua nafasi yake mwaka 2019. Madereva na makondakta wa Dar wao waliunda chama chao, UWAMADAR, wakadai kitu kimoja kikubwa: mkataba wa ajira ulioandikwa. Dai hilo lilizunguka ofisi kwa miaka. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi walipogoma nchi nzima na maelfu ya abiria wakakwama Ubungo, mikataba ilikuwa bado miongoni mwa madai yao. Wasafiri wa Kigoma waliolala stendi siku ile walikuwa wakilipia deni la miongo miwili.

Magurudumu mawili, reli ya zamani na pantoni, 2008–2016

Barabara zilipojaa, watu walitafuta pa kupenya. Pikipiki za Kichina na bajaji za Kihindi zilishuka bei, na kijana aliyeweza kukopa au kupewa moja kwa mkataba wa kurudisha fedha kila siku alipata kazi siku hiyohiyo. Mwanzoni bodaboda hazikuwa na leseni ya biashara, na polisi walizikimbiza. Mwaka 2010 kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zikatungwa. Baadaye zikazuiwa kuingia katikati ya jiji, zikaingia, zikazuiwa tena. Bodaboda hupita pale gari lisipopita na humfikisha mtu hadi mlangoni kwake. Pia zimeijaza wodi ya mifupa ya Muhimbili vijana waliovunjika miguu, na gharama hiyo haimo kwenye nauli.

Kigamboni ilikuwa na shida ya peke yake. Mlango mwembamba wa bahari uliwatenga wakazi wake na mji, na pantoni ikiharibika walibaki wanatazama maghorofa ng'ambo bila kuyafikia. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, liliwapa wenye magari njia ya kuzunguka upande wa Kurasini. Watembea kwa miguu wengi waliendelea kutegemea pantoni pale Magogoni, kwa kuwa inawashusha Kivukoni, mjini kabisa.

Tarehe 29 Oktoba 2012 ikaja njia mbadala niipendayo kuliko zote, na pengine ni kwa sababu ya tulikotoka. Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, alisimamia kuanzishwa kwa treni za abiria za asubuhi na jioni ndani ya jiji. TAZARA iliendesha zake kwenye reli yake upande wa Mwakanga, na Kampuni ya Reli ikaendesha nyingine kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Mabehewa yalikuwa ya zamani, yaliyokarabatiwa. Treni hizi za Stesheni zilitumia reli ileile ya Mjerumani, iliyowaleta manamba wetu pwani. Mwaka 2016 huduma ilipanuliwa kwenda Pugu, na watu wa Gongo la Mboto, waliozoea kukaa masaa kwenye Barabara ya Nyerere, wakaiona foleni kupitia dirishani huku treni ikiwapitisha pembeni yake.

Watu waliiita Treni ya Mwakyembe, na haikuwahi kuwa kubwa vya kutosha. Njia ni moja, treni za mizigo nazo zinaitaka, na makutano ya reli na barabara yamejaa magari. Lakini ilianza ndani ya muda mfupi, kwa chuma kilichokuwepo. Ninaamini jiji liliipuuza mapema mno.

Mwendokasi, 2002–2017

Wakati huo wote mradi mkubwa ulikuwa ukiiva polepole. Mwaka 1974, mwaka uleule UDA ilipoundwa, mji wa Curitiba nchini Brazili chini ya meya Jaime Lerner ulitenga njia za mabasi peke yake katikati ya barabara pana. Bogotá, Kolombia, ikaupanua mfano huo mwaka 2000. Karibu mwaka 2002 viongozi wa jiji la Dar es Salaam, Meya Kleist Sykes akiwa mmoja wao, waliukubali mpango huo. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ukaanzishwa mwaka 2007.

Kisha miaka ikapita. Fidia za nyumba, mabadiliko ya michoro, kesi, mazungumzo na Benki ya Dunia iliyotoa mkopo. Kampuni ya Strabag ya Austria ilianza ujenzi mwaka 2012. Awamu ya kwanza ilikuwa na urefu wa kilomita 20.9: kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo Gerezani.

Swali zito lilikuwa nani ataendesha. UDA ilikuwa bado hai kwa jina, ila hisa zake ziliuzwa kwa kampuni binafsi ya Simon Group mwaka 2011, mauzo yaliyozua mjadala mrefu bungeni. Wenye daladala walidai nafasi yao, maana ruti iliyotwaliwa ni ile waliyoilea tangu 1983. Mwishowe ikaundwa UDA-RT, na tarehe 10 Mei 2016 mabasi 140 ya Golden Dragon, ambayo watu waliyaita mwendokasi, yakaanza kazi. Daladala za Kimara ziliondolewa Barabara ya Morogoro. Wenye magari walihamia ruti nyingine. Wapiga debe, deiwaka na makonda wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba waliwahi kufanya kazi pale, na asiye na karatasi hana cha kulipwa.

Kwa abiria yalikuwa mageuzi ya kweli. Kimara hadi Kivukoni, safari iliyokuwa ikila masaa mawili au zaidi asubuhi, ikawa ya chini ya saa moja kwa shilingi 650. Mama lishe wa Kimara aliweza kulala hadi saa kumi na moja. Mtu mwenye kiti cha magurudumu aliingia ndani ya basi la umma bila kubebwa mgongoni, kwa sababu sakafu ya kituo na ya basi zilikuwa sawa. Rais Magufuli alizindua mradi rasmi Januari 2017, na Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018.

Jangwani, Kimara na Mbagala

Karakana kuu ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Kila mkazi wa Dar anajua kwamba mvua za masika zikikaza, Msimbazi hufurika. Mafuriko yaliingia karakanani zaidi ya mara moja, maji yakaingia kwenye injini za mabasi, na barabara ya Jangwani ikafungwa. Mabasi yaliyoharibika hayakurudishwa kwa kasi iliyotakiwa. Mabasi mapya yakachelewa. Abiria wakaongezeka. Kufikia miaka ya 2020 foleni ya mwendokasi ilikuwa ndani ya kituo: umati wa Kimara asubuhi, umati wa Gerezani jioni, vijana wakirukia madirishani, wazee na wajawazito wakisubiri basi la tano au la sita. UDA ya mwaka 1980 ilikuwa hivyohivyo: njia ipo, abiria wapo, mabasi hayatoshi.

Awamu ya pili, kwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Zege lilikauka, vituo vikasimama, na mabasi hayakuwepo. Mwaka 2025 ndipo kampuni nyingine ya mabasi ilipoletwa kwa ajili ya njia hiyo. Karibu miaka kumi ilikuwa imepita tangu basi la kwanza litoke Kimara.

Wakati huo msafiri wa Kasulu naye mambo yake yalibadilika. Tangu 2021 basi lake halifiki tena Ubungo, linaishia Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli. Pale, saa yoyote anayofika, anachagua kati ya bodaboda, daladala au kujisogeza hadi mwendokasi. Reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, na mkataba wa kuijenga kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022.

Huku nyumbani lami ya kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu imefungua milima iliyokuwa ikifungwa na tope. Bodaboda zinapanga mstari stendi ya Kasulu kama zilivyopanga Manzese, na magari madogo yanayoitwa michomoko yanabeba watu wa vijijini yakiwa yamepakia kupita kiasi, kwa sababu basi ni moja asubuhi na jingine jioni. Madereva wake hawana mkataba. Wanapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, na hesabu ile haipungui mvua ikinyesha.